Mposaji, Mchumba na Mpenzi: Tatizo la Kumtaja Mwanamume Apendaye katika Tafsiri na Fasihi

1. Tatizo

Miongoni mwa matatizo yanayomkabili mfasiri wa fasihi ya Kiingereza katika Kiswahili, liko moja linaloonekana dogo, nalo ni la kumtaja mwanamume apendaye au aombaye ndoa. Kiingereza kina majina mengi ya mtu huyo: 'swain', 'beau', 'suitor', 'wooer', 'gallant', 'sweetheart', 'paramour'. Mengi ya majina hayo yamechakaa. Mwingereza wa leo hayatumii ila kwa mzaha, au anapotaka msomaji wake akumbuke zama zilizopita. Mfasiri afunguapo kamusi ya lugha mbili, aghalabu hukuta majina hayo yote yamemiminwa katika vyombo viwili tu: mchumba na mpenzi.

Hapo huzuka kauli mbili zinazopingana. Wako wasemao kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu, maadamu majina saba ya Kiingereza hayapati ndani yake majina saba ya kulingana nayo. Wako pia wajibuo kwa hamaki kwamba lugha haikukosa kitu: iko muhibu, iko mahabubu, iko laazizi, iko nyonda, iko mwandani, aliyekosa ni mfasiri asiyeijua lugha yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli zote mbili zimekosea njia kwa sababu moja: zote zinahesabu majina. Kiswahili humtaja mwanamume huyu kwa kitenzi zaidi kuliko kwa jina, na majina kilichonayo ni majina ya uhusiano, si majina ya mtu aliye peke yake. Hata hivyo pengo lipo. Lakini si pengo la msamiati, bali ni la hadhi ya mtu mwenyewe katika jamii. Pengo la namna hiyo halizibwi na kamusi, na fasihi iliyo bora ya Kiswahili imelitambua kabla ya watungaji wa kamusi. Mifano itachukuliwa kutoka tafsiri mbili za Shakespeare, kutoka riwaya ya Rosa Mistika, na kutoka mazingira ya Kiirua katika Meru, ambako Kimeru, Kiswahili na Kiingereza hukutana katika kinywa cha mtu mmoja.

2. Majina yaliyochakaa

Yafaa kwanza kuyatazama majina ya Kiingereza yenyewe. 'Swain' liliingia Kiingereza kutoka lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako maana yake ilikuwa mvulana au mtumishi. Utumishi huo ungali hai katika 'boatswain' na 'coxswain', vyeo vya watu wa chomboni. Baadaye jina likamwendea kijana wa shamba, hasa mchunga kondoo. Katika karne ya 16, washairi wa mjini walipopendelea kutunga juu ya mapenzi ya wachunga kondoo wa kubuni, likawa jina la mchunga kondoo apendaye. Marlowe alilitumia katika shairi lake mashuhuri lililochapishwa mwaka 1599. Naye Shakespeare, katika As You Like It, alimwumba Silvius awe mfano kamili wa kijana wa aina hiyo: mnyonge, mwaminifu, mwenye kudharauliwa na yule ampendaye.

'Beau' ni neno la Kifaransa lenye maana ya mzuri. Waingereza walilitumia kwanza, mwishoni mwa karne ya 17, kwa mwanamume anayejipamba na kufuata mitindo, ndipo likahamia kwa mwanamume anayemwandama msichana. 'Suitor' asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata, na kwa muda mrefu lilikuwa pia jina la mtu aliyeleta shauri au ombi mbele ya mahakama. 'Paramour' lilitokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya 'kwa mapenzi'. Likaanza kwa heshima, likaishia katika fedheha ya zinaa.

Mambo matatu hujitokeza hapa. Kwanza, majina mengi kati ya haya yalikuwa majina ya nafasi ya mtu katika jamii kabla ya kuwa majina ya mapenzi: mtumishi, mchunga kondoo, malidadi, mdai. Pili, yanamtazama mwanamume peke yake. Kijana aweza kuitwa 'swain' hata kama msichana ampendaye hajui kwamba yupo. Tatu, yamechakaa kwa sababu jamii iliyoyapa maana imebadilika. Wachunga kondoo wa ushairi wametoweka, na tangu mwishoni mwa karne ya 19 neno 'boyfriend' limezidi kuchukua mahali pa majina hayo. Mfasiri anayeandika mpenzi mahali pa 'swain' amepoteza yote matatu kwa mpigo mmoja: nafasi ya mtu, upweke wake, na umri wa neno.

Wala mfasiri haokolewi na tafsiri ya neno kwa neno. Akisema kwamba 'swain' ni mchungaji, msomaji wa leo hatamwona kijana na kondoo wake. Neno hilo limekwisha kutwaliwa na makanisa, nalo humleta akilini mtu wa madhabahuni. Mahali kama Kiirua, ambapo misheni na kanisa ni sehemu ya maisha ya kila siku, sentensi isemayo kwamba mchungaji analia usiku kucha kwa ajili ya msichana wa jirani haitakuwa ushairi. Itakuwa kashfa ya parokia. Itambidi mfasiri arudi kwenye mchunga kondoo, na hapo ataona kwamba amepata kazi ya kijana huyo, bali mapenzi yake yamebaki nje ya neno.

3. Kazi ya kitenzi

Ngeli ya m-/wa- haibagui mume na mke. Mchumba aweza kuwa mwanamume au mwanamke. Kadhalika mpenzi, mwandani na hawara. Mgeni wa lugha aweza kudhani kwamba Kiswahili hakijali nani ni nani katika jambo hili. Si hivyo. Tofauti ambayo Kiingereza huiweka katika jina, Kiswahili huiweka katika kauli ya kitenzi. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huposa, mwanamke huposwa. Mwanamume huchumbia, mwanamke huchumbiwa. Mwenye kusikia kwamba fulani amechumbiwa hahitaji kuambiwa kwamba ni binti. Habari ambayo Mwingereza huipata katika 'beau', Mswahili huipata katika kiambishi kimoja cha kutendwa.

Hata majina yenyewe hayana tabia moja na yale ya Kiingereza. Mchumba ni jina la jamii moja na ndugu, jirani, mwenzi na shemeji: hakuna awezaye kuwa ndugu peke yake, na hakuna awezaye kuwa mchumba peke yake. Mtu ni mchumba wa fulani, na fulani naye ni mchumba wake. Ndiyo maana neno hili haliwezi kumtaja Silvius, ambaye hana fulani.

Jina linaloelekea kusimama upande mmoja ni mposaji, kwa kuwa lina kiambishi cha mtendaji. Lakini hilo nalo lina siri yake. Katika desturi za pwani, anayekwenda kuposa mara nyingi si yule atakayeoa. Posa hupelekwa na mshenga, au na wazee wa upande wa kijana, na hujibiwa na wazee wa upande wa binti. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza mambo ya posa na mahari pamoja na haki za wazazi, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Asomaye maelezo ya namna hiyo ataona kwamba mtendaji halisi wa kitenzi kuposa ni jamaa nzima. Kijana ni sababu ya posa. Msemaji wake ni mtu mwingine.

Ni lazima hapa kujihadhari na dai linalozidi mpaka. Haifai kusema kwamba sarufi imewakataza wanawake kuanza jambo. Waislamu wa pwani wanaijua vyema habari ya Bi Khadija, aliyempeleka Nafisa kwenda kuchungua moyo wa Mtume kabla ya ndoa yao. Kiswahili kinaweza kusimulia habari hiyo bila taabu, na mwanamke aweza kusema 'nioe', akawa yeye ndiye mwenye kuomba huku kitenzi kikiwa kilekile. Sarufi imeweka njia ya kawaida, haikujenga ukuta.

Ama majina ya ushairi ambayo watetezi wa lugha huyataja kwa fahari, hayo yana thamani yake, lakini kazi yake ni nyingine. Muhibu na mahabubu yametoka Kiarabu, na huko la kwanza ni la mwenye kupenda, la pili ni la mwenye kupendwa. Katika matumizi ya Kiswahili tofauti hiyo imefifia, na yote mawili hutumika kumwita mtu kuliko kumweleza. Laazizi na nyonda vivyo hivyo. Ni majina ya kuitia. Mshairi humwambia mtu 'muhibu wangu'. Ni nadra jirani kuwauliza majirani, 'Yule muhibu wa binti yenu ni mtu wa wapi?' Mfasiri aliyepewa jina la kuitia hawezi kulifanya jina la kuelezea bila lugha kumtoka kinywani kama ya mtu anayesoma barua ya kale mbele za watu.

4. Mfano wa Kiirua

Kiirua ni mahali pa Buuri, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru. Wakazi wake wengi wana Kimeru nyumbani. Kiswahili hutumika sokoni na penye wageni, na Kiingereza ni cha darasani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na hivyo kizazi kizima cha wanafunzi wa huko kilijifunza kusema juu ya mapenzi na ndoa katika lugha tatu zisizogawa jambo hilo kwa namna moja.

Mfano ulio wazi umo katika majina ya watu. Katika Kimeru mzizi -enda una maana ya kupenda au kutaka. Kutokana nao wanaume wa Meru huitwa Mwenda, yaani apendaye, na Mwendwa, yaani apendwaye; jina la kike Kendi hutoka katika mzizi huohuo. Jambo ambalo Kiswahili husema kwa mpenda na mpendwa, na Kiarabu kwa muhibu na mahabubu, Wameru wamelifanya jina la kumpa mtoto siku anapozaliwa. Lakini mtoto huyo aingiapo darasa la Kiswahili hukuta kwamba mwenda ni mtu aendaye, na hufundishwa kwamba mwenda pole hajikwai. Mwenye kupenda amegeuka msafiri. Mwalimu ajuaye lugha zote mbili ana hapa somo zuri la mizizi inayofanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Asiyejua hudhani kwamba hapana la kusema.

Je, Wameru walikuwa na mtu wa kulingana na 'swain'? Yuko mmoja wa kufikiriwa. Nthaka walikuwa vijana waliotahiriwa, walioishi pamoja katika gaaru na kuwa walinzi wa jamii kabla ya kuoa. Hao, kama 'swain', walikuwa watu wa nafasi maalumu katika jamii kabla ya kuwa waume. Lakini mfanano unaishia hapo. 'Swain' alipopoteza kazi yake ya utumishi, washairi walimpa kazi ya kupenda. Gaaru ilipodhoofika katika zama za ukoloni, hakutokea ushairi wa mjini wa kuigeuza nafasi ile iwe jina la mapenzi. Jina la kijana likabaki la rika lake. Mapenzi yake yakabaki jambo la jamaa.

Na katika jamaa, swali la kwanza halikuwa kama kijana anapenda. Lilikuwa ni wa ukoo gani. Wameru wana uhusiano uitwao gichiaro, udugu wa kiapo baina ya koo au makundi, ambao huwazuia watu wake kuoana kama ndugu wa damu. Kijana aweza kuwa na sifa zote, na gichiaro ikamaliza habari yake katika kikao kimoja. Akivuka hapo, liko suala la ruracio, yaani mahari, ambalo halimhusu yeye peke yake. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imeutambua mpango huo kwa kusema kwamba, pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha kuonyesha nia chatosha. Hata sheria ya kisasa, basi, inapotafuta ushahidi wa ndoa ya kimila hutazama kilichopita baina ya nyumba mbili.

Mtu wa Kiirua anayesikia jina mchumba husikia jambo lenye wazee nyuma yake. Akisikia mpenzi, husikia jambo lisilo na wazee. Maneno haya mawili, ambayo kamusi huyaweka pamoja kana kwamba moja laweza kushika mahali pa lingine, kwake yanatenganishwa na kizingiti cha mlango wa baba. Kumwita kijana mchumba kabla ya wazee kuja ni kusema uongo. Kumwita mpenzi mbele ya wazee ni kumvunjia binti heshima.

5. Posa katika Mabepari wa Venisi na Tufani

Kwa mwanga huu yafaa kuzitazama tamthilia mbili za Shakespeare ambazo msomaji wa Kiswahili anazo. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Na mwaka huohuo ilitoka Tufani, tafsiri ya S. S. Mushi. Wahakiki wamezoea kuitazama tafsiri ya Nyerere kwa habari ya riba na mali, na jina alilolichagua linawaita huko. Lakini nusu ya tamthilia ni habari ya posa.

Portia ameachiwa na marehemu baba yake visanduku vitatu, cha dhahabu, cha fedha na cha risasi; atakayechagua kwa usahihi ndiye atakayemwoa. Wanaume wanakuja kutoka kila upande, wakiwamo wana wa wafalme wa Moroko na Aragoni, na mwenye kukosea huwa amekwisha kuapa kwamba hataposa tena maishani. Kwa Kiingereza hawa wote ni 'suitors', jina moja kwa watu wote. Msomaji wa Kiirua hahitaji jina hilo ili aelewe. Anamjua baba ambaye neno lake hutawala hata baada ya kufa, anajua kwamba kuposa ni kujiweka mbele ya hukumu ya nyumba ya watu, na anajua pia kwa nini Bassanio hana budi kukopa kabla ya kwenda: Antonio anachukua dukati 3000 kwa Shylock ili rafiki yake aende Belmont kwa heshima. Habari ya mtu kuingia katika deni kwa ajili ya kwenda kuoa si ngeni kwa yeyote aliyeshiriki katika kutafuta ruracio.

Liko jambo jingine ambalo msomaji wa Kiingereza hulipita bila kusimama. Kabla Bassanio hajafika Belmont, mjumbe wake anatangulia na zawadi na maneno ya adabu. Kwa Mwingereza wa leo huyo ni mtumishi tu. Kwa Mswahili huyo ni mshenga, na bila yeye posa ingekuwa na kasoro. Hapa Kiswahili kina jina ambalo Kiingereza hakina la kulingana nalo kwa uzito, na hakuna aliyewahi kusema kwamba Kiingereza ni maskini kwa sababu hiyo. Mhakiki atakayeisoma tafsiri kwa kutafuta tu kama 'suitor' limepata jina lake, ataikosa nafasi ambayo lugha inayopokea inaonekana kuujua mchezo zaidi ya lugha iliyoutoa.

Katika Tufani jambo linakuwa gumu zaidi, na kwa hiyo linafundisha zaidi. Ferdinand analazimishwa na Prospero kubeba na kupanga magogo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hiyo ni kazi ya mkwe mtarajiwa kwa baba wa binti, na mashaka ya Ferdinand hayamshangazi. Linalomshangaza ni Miranda, ambaye ndiye anayetamka kwanza kwamba yu tayari kuwa mke wa Ferdinand kama yeye atakubali kumwoa. Kwa Kiingereza jina 'suitor' laanza kuyumba: ni nani kati ya hao wawili? Kwa Kiswahili hapana kuyumba. Miranda ndiye aombaye, na bado Ferdinand ndiye aoaye. Kitenzi kinashikilia nafasi za wote wawili huku mazungumzo yakizipindua, na humo mnatoka ladha ambayo jina peke yake lisingeitoa.

6. Pengo lenyewe

Kama makala haya yangekoma hapo, yangekuwa yamejiunga na watetezi waliotajwa mwanzoni, wasemao kwamba lugha haikukosa kitu. Lakini haki haitatendeka bila kukiri kwamba yuko mwanamume mmoja ambaye Kiswahili sanifu kinashindwa kumtaja kwa heshima. Ni yule apendaye kwa nia njema, hadharani, bila ya wazee kuwa wamekwenda bado. Kiingereza cha karne ya 19 kilikuwa na 'sweetheart' na 'beau' kwa ajili yake hasa, majina ambayo mama aliweza kuyatamka mezani bila haya. Katika Kiswahili mtu huyo ama ni mchumba, ambaye bado hajawa, ama ni mpenzi, neno linalotiliwa shaka, ama ni hawara, neno la hukumu.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, imesimama juu ya pengo hilo. Mapema katika riwaya Zakaria anagundua kwamba binti yake Rosa amepata barua kutoka kwa Charles, naye anampiga. Wahakiki wengi wameeleza kipigo hicho kwa ulevi na ukali wa Zakaria, na hawakukosea. Lakini liko jambo zaidi. Zakaria hana jina la kumpa Charles. Kijana hakuposa, kwa hiyo si mchumba. Kama si mchumba, katika hesabu ya baba limebaki jina moja tu, na jina hilo linastahili fimbo. Jina ambalo lingemtambua Charles kuwa kijana mwenye nia njema, anayesubiri wakati wake, halimo kinywani mwa Zakaria wala katika kijiji chake. Ukimya anaolelewa nao Rosa baada ya hapo, na ujinga wa mambo ya wanaume anaokwenda nao shuleni, ni zao la kukosekana kwa nafasi hiyo.

Kezilahabi hakuishia hapo, na hili ndilo linaloikuza riwaya. Mwishoni Charles anarudi, na mara hii anakuja kwa njia ya posa. Amekuwa mchumba kamili mbele ya watu. Ni huyo mchumba kamili anayemkataa Rosa alipojua kwamba si bikira, na Rosa anajiua. Kama Charles wa mwanzo, asiye na jina, alimletea Rosa kipigo, Charles wa mwisho, mwenye jina la heshima, alimletea kifo. Riwaya hii hairuhusu msomaji aamini kwamba uchumba ulio wazi ungemwokoa Rosa. Jina la heshima lilizilinda nyumba mbili, halikumlinda binti.

Hapo ndipo swali la msamiati linapokuwa swali la maisha. Sheria nayo imeligusa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yasema kwamba ahadi ya kuoana kwa kawaida haimfungi mtu, ila aliyepata hasara kwa kuvunjwa kwa ahadi hiyo aweza kudai fidia. Maana yake ni kwamba mwenye kuitwa mchumba aweza kuwa na jambo la kusema mahakamani, ambapo mwenye kuitwa mpenzi tu hana. Mkalimani wa mahakama anayechanganya maneno hayo mawili hafanyi kosa la mtindo.

Lugha ya mitaani haikungoja wanataaluma. Nchini Kenya boifrendi limeenea, na wasemao 'rafiki wa kiume' wanalifasiri neno hilohilo. Pamoja nalo yamekuja sponsa kwa Wakenya na buzi kwa Watanzania, majina ya mwanamume anayependewa mfuko wake. Yafaa kuangalia kwamba majina haya mapya yana tabia ya 'swain' na 'paramour' kuliko ya mchumba. Yanatokana na nafasi ya mtu, yanamtazama mwanamume upande mmoja, na bila shaka yatachakaa pia. Kiswahili cha mijini kimeanza kuunda majina ya mtu pale ambapo zamani kilitosheka na kitenzi, kwa sababu mijini kijana huja peke yake. Lakini kati ya boifrendi, neno ambalo wazee wengi hulisikia kama la kigeni, na sponsa, neno la kejeli, mahali pa yule kijana mwenye nia njema pangali patupu.

7. Hitimisho

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mapendekezo matatu yaweza kutolewa. La kwanza lamhusu mfasiri. Asitafute jina moja la kudumu kwa kila jina la Kiingereza, bali aulize ni sifa gani ya mtu inayofanya kazi mahali pale. Ikiwa ni mavazi na majivuno, malidadi au mtanashati litamfaa kwa 'beau' kuliko mpenzi. Ikiwa ni ujana na uzuri, barobaro liko. Ikiwa ni ombi la ndoa, aache jina na atumie kitenzi: 'aliyekuja kuposa' ni Kiswahili kizuri kuliko mposaji katika sehemu nyingi. Ikiwa ni mapenzi ya upande mmoja, kama ya Silvius, hapana aibu kusema 'kijana ampendaye', na kuacha kirejeshi kifanye kazi ambayo jina halikuweza.

La pili lawahusu watungaji wa kamusi. Tangu kamusi za Madan za mwaka 1894 na 1903, na ile ya Johnson ya mwaka 1939, elimu ya kamusi ya Kiswahili imekuwa na deni kubwa kwa Kiingereza, na si rahisi kulikana. Lakini kamusi inayoweka alama ya ukale kwenye 'swain', kisha ikampa jirani yake neno mpenzi bila alama yoyote, imepima upande mmoja tu wa mizani. Majina ya kuitia yapaswa kutengwa na majina ya kuelezea. Na chini ya mchumba na mpenzi paandikwe wazi ni mbele ya nani kila moja laweza kutamkwa.

La tatu lamhusu mwalimu wa mahali kama Kiirua. Anao wanafunzi ambao miongoni mwao wamo akina Mwenda na Mwendwa, waliobeba kauli ya kutenda na kutendwa katika majina yao wenyewe. Akianza somo la kauli za kitenzi kwa majina hayo, atakuwa ameanza na jambo wanalolijua. Na akifika kwenye Rosa Mistika, asiwaulize tu kama Zakaria alikosea kumpiga binti yake. Awaulize Zakaria angemwita Charles kwa jina gani, kwa Kiswahili na kwa Kimeru, kama angetaka kumkaribisha ndani.